Kivinjari Ndani ya Programu ya Simu: Uchopekaji, Uaminifu na Suala la Istilahi

IKISIRI

Makala hii inachunguza kijenzi cha kivinjari kinachotiwa ndani ya programu ya simu ya mkononi. Inaeleza namna kinavyofanya kazi, inaonyesha manufaa yake kwa mfano wa diwani ya mashairi, kisha inajadili tatizo la uaminifu linalozuka mtumiaji anapodhani yumo katika kivinjari chake ilhali yumo katika himaya ya mwingine. Inahitimishwa kwa pendekezo la istilahi inayoliweka tatizo hilo wazi.

1.0 Utangulizi

Wasomaji wa Kiswahili wameizoea mbinu ya hadithi ndani ya hadithi. Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazad anamsimulia mfalme. Ndani ya simulizi lake, baharia Sindbad naye anamsimulia mchukuzi safari zake. Msomaji anapozama katika mawimbi ya Sindbad, aghalabu humsahau Shahrazad. Hata hivyo, Sindbad hana neno lake binafsi. Kila analotamka limepitia kinywani mwa Shahrazad, ambaye ana uwezo wa kuongeza, kupunguza au kukatiza simulizi pindi kunapopambazuka.

Hali inayokaribiana na hiyo hutokea katika simu kila siku. Mtu anasoma ujumbe katika programu ya mawasiliano, anagusa kiungo, na ukurasa wa wavuti unafunguka papo hapo pasipo yeye kuondoka katika programu ile. Ukurasa anaousoma ni Sindbad. Programu iliyoufungua ni Shahrazad. Swali linaloiongoza makala hii ni je, msomaji huyo anajua kwamba kuna msimulizi wa pili? Na je, istilahi za Kiswahili zinamsaidia kujua?

2.0 Kijenzi na Utendakazi Wake

Msanidi wa programu anayetaka kumwonyesha mtumiaji ukurasa wa wavuti ana njia tatu. Ya kwanza ni kukipeleka kiungo katika kivinjari kamili cha simu, kama vile Chrome au Safari. Ya pili ni kufungua kichupo maalumu kinachotolewa na kivinjari chenyewe lakini kikaonekana juu ya programu. Njia hii ilianza kupatikana katika Android na iOS mnamo mwaka 2015. Ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha makala hii, ni kukitia kijenzi cha kivinjari ndani ya programu.

Katika Android kijenzi hicho huitwa WebView, nacho kimekuwapo tangu toleo la kwanza la mfumo huo mwaka 2008. Katika iPhone kulikuwa na UIWebView, ambacho nafasi yake ilichukuliwa na WKWebView kuanzia iOS 8 ya mwaka 2014. Vyote hufanya kazi moja: husoma msimbo wa ukurasa na kuuchora katika sehemu ya skrini iliyotengwa na programu.

Tofauti kati ya kijenzi hiki na kivinjari kamili ni kubwa. Kijenzi hakiji na upau wa anwani wala alama ya kufuli. Mtumiaji huviona tu iwapo msanidi ameamua kuviweka. Vidakuzi vyake huhifadhiwa kando na vya kivinjari cha simu, na ndiyo sababu mtu aliyekwisha kuingia katika tovuti fulani kupitia Chrome huulizwa nenosiri upya anapoifungua ndani ya programu nyingine. Katika Android, JavaScript huwa imezimwa mpaka msanidi aiwashe. Aidha, msanidi anaweza kuamua ni viungo vipi vifunguke ndani na vipi vitolewe nje, na anaweza kujenga daraja ambalo kupitia kwalo ukurasa huzungumza na programu yenyewe. Kwa ufupi, kijenzi ni mgeni anayeishi kwa masharti ya mwenyeji.

3.0 Manufaa: Mfano wa Diwani

Kabla ya kulaumu, ni haki kuonyesha kwa nini wasanidi wanakipenda kijenzi hiki. Tuchukulie kwamba kikundi cha wanafunzi kinataka kutengeneza programu ya kusomea diwani ya mashairi ya arudhi. Mshororo wa tarbia wa mizani 16 hugawika kuwa ukwapi na utao, kila kipande kikiwa na mizani 8. Katika skrini nyembamba, mshororo usiodhibitiwa hukatika popote pale: mizani 3 za utao zikabaki juu na 5 zikashuka chini. Kina cha kati kikipotea machoni, msomaji mchanga hawezi kuuona muundo ambao mwalimu wake anamfundisha.

Lugha za kuundia kurasa za wavuti hulitatua jambo hilo kwa wepesi. Ukwapi na utao huweza kupangwa katika safu mbili skrini inapotosha, na utao ukashuka wote kwa pamoja skrini isipotosha. Kurasa hizo huweza kuhifadhiwa ndani ya programu yenyewe, kijenzi kikazichora bila kuhitaji intaneti, jambo lenye manufaa kwa msomaji asiye na fedha za kununulia data. Zaidi ya hayo, kurasa zizo hizo hutumika katika Android na iPhone, hivyo kazi ya kuzipanga hufanywa mara moja badala ya mara mbili.

Katika mfano huu hakuna tatizo la uaminifu. Mwenyeji na mgeni ni wamoja: aliyeandika programu ndiye aliyeandika kurasa, na msomaji haombwi siri yoyote.

4.0 Tatizo: Mwenyeji Anayesikiliza

Tatizo huzuka pale mwenyeji na mgeni wanapokuwa watu wawili tofauti. Mwenyeji akiufungua ukurasa wa benki, wa chuo au wa duka ndani ya programu yake, ana uwezo wa kutia msimbo wake wa JavaScript katika ukurasa huo. Msimbo huo huweza kusoma kilichoandikwa na hata kufuatilia kibodi. Ukurasa wa benki hauwezi kuzuia jambo hilo kwa hakika, maana hauna mamlaka juu ya nyumba uliyofikia.

Mnamo Agosti 2022, mtafiti Felix Krause alichapisha uchunguzi kuhusu programu za iPhone. Alionyesha kwamba Instagram na Facebook zilitia msimbo wa JavaScript katika kurasa za nje zilizofunguliwa ndani yake, na kwamba msimbo wa TikTok ulikuwa na uwezo wa kufuatilia vibonyezo vya kibodi. Krause hakudai kuwa nywila zilikusanywa, na TikTok ilieleza kwamba msimbo ule ulikuwa wa kurekebishia hitilafu na kupimia utendaji. Lililothibitika ni uwezo, si wizi. Hata hivyo, uwezo huo haukujulikana na watumiaji wengi, na hapo ndipo penye uzito wa suala hili.

Hatari huweza pia kutoka upande wa mgeni. Katika matoleo ya Android yaliyotangulia 4.2 ya mwaka 2012, ukurasa wenye nia mbaya uliweza kuvuka daraja lililojengwa na msanidi na kufikia sehemu za programu ambazo msanidi hakukusudia kuzifungua. Tangu toleo hilo, kwa programu zilizoundwa kulilenga, msanidi analazimika kuziwekea alama bayana njia anazoziruhusu.

Kuna pia hatari ya utegemezi. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, kijenzi cha WebView husasishwa peke yake kupitia Play Store. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa kasoro za usalama huzibwa haraka. Lakini Machi 22, 2021, toleo lenye hitilafu lilisambazwa, na programu nyingi zilizokitegemea kijenzi hicho, ikiwemo Gmail, zikawa zinajifunga zenyewe hadi toleo sahihi lilipotolewa. Nguzo ikiwa moja, huanguka na paa zima.

Wakuu wa taaluma hii hawakukaa kimya. Mwaka 2017 Google ilianza kukataa watu waingie katika akaunti zao kupitia vijenzi vya aina hii, na mwongozo wa kimataifa wa RFC 8252, uliotolewa Oktoba mwaka huo huo, uliwataka wasanidi watumie kivinjari cha nje kila mtumiaji anapohitaji kuthibitisha utambulisho wake. Nchini Kenya, kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe. Lakini sheria humfaa zaidi mtu anayejua kwamba kuna jambo la kuulizia.

5.0 Suala la Istilahi

Neno kivinjari limekubalika katika Kiswahili cha tarakilishi, ingawa wengine hutumia kisakuzi. Kitenzi vinjari hubeba dhana ya kuzunguka huku na huko kwa kuchunguza, na mwenye kuvinjari ni mtumiaji mwenyewe. Kwa hiyo, mtu anapoambiwa kwamba ukurasa umefunguka katika kivinjari, anaelewa kuwa usukani umo mikononi mwake. Kwa kijenzi kinachojadiliwa hapa, ufahamu huo ni wa kupotosha.

Yapo majina mengine yanayoweza kufikiriwa. Dirisha la wavuti ni sitiari nzuri, lakini dirisha hudokeza kutazama tu, ilhali mtumiaji huandika pia. Kivinjari cha ndani kinaeleweka upesi, ila hakisemi ni ndani ya nini. Makala hii inapendekeza kivinjari chopekwa.

Sababu ni tatu. Kwanza, wanafunzi wa fonolojia wanaijua dhana ya uchopekaji: katika neno buluu, irabu u imechopekwa kati ya b na l ili neno geni litii muundo wa silabi za Kiswahili. Kinachochopekwa huingia kwa kufuata kanuni za mwenyeji, na ndivyo kilivyo kijenzi hiki. Pili, muundo wa istilahi si mgeni. Kiswahili kina fasihi pendwa na lugha lengwa, ambamo kitenzi katika kauli ya kutendwa kinaifafanua nomino. Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi, kauli ya kutendwa huacha nafasi ya mtenda. Msikilizaji akiambiwa kwamba kitu kimechopekwa, sarufi yenyewe humsukuma aulize: kimechopekwa na nani? Hilo ndilo swali ambalo mtumiaji hana budi kuliuliza kabla ya kuandika nenosiri lake.

Huenda ikadaiwa kwamba chopekwa ni neno la wanaisimu na halitaeleweka sokoni. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kuchopeka ni neno la kawaida kwa anayechopeka ua katika nywele, na istilahi ikifundishwa pamoja na maana yake huenea. Isitoshe, jina jepesi linaloficha ukweli lina gharama kuliko jina zito linaloufichua.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kivinjari kilichotiwa ndani ya programu ni chombo chenye manufaa, hasa pale mwenyeji na mgeni wanapokuwa wamoja kama katika diwani. Pale wanapotofautiana, mtumiaji anapaswa kuwa na hadhari: akiombwa nenosiri au namba ya siri, aufungue ukurasa katika kivinjari kamili cha simu, asome anwani, kisha ndipo aandike. Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kazi ya mwanaisimu na mwanafasihi wa Kiswahili si kuwaachia wahandisi suala hili, bali ni kuipa jamii majina yatakayoiwezesha kuitambua nguo na aliyeishona.