Shule ya Wagiriki wa zamani

Zamani sana, miaka 400 na zaidi mbele ya kuzaliwa kwa Yesu, watoto wa mji wa Athens walikwenda shuleni. Walianza wakiwa na miaka 7 hivi. Mtoto wa tajiri aliamka alfajiri, akafuatana na mtumwa aliyemchukulia vyombo vyake.

Mtoto aliandika juu ya kibao kilichopakwa nta. Kalamu yake ilikuwa na ncha kali ya kuandikia. Upande wa pili ulikuwa bapa, wa kufutia. Mwalimu mmoja alifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Wa pili, kupiga kinubi. Wa tatu, mieleka. Mashairi ya Homer waliyashika kwa moyo.

Lakini mwalimu alilipwa na wazazi. Mtoto wa maskini hakukaa sana shuleni. Wasichana walibaki nyumbani, wakisokota sufu na kufuma nguo. Na yule mtumwa? Aliketi shuleni, akamngoja bwana wake mdogo. Aliyasikia masomo yote, lakini kibao hakikuwa chake.

Wewe, daftari ni lako. Ulitunze, na umkumbuke mwenzako asiye nalo.

Maulizo
1. Mtoto wa Athens aliandika juu ya kitu gani?
2. Nani hawakufundishwa shuleni? Je, ilikuwa haki?