Ukichangia Mzinga, Umenunua Nini?

Klabu moja ya mazingira hapa chuoni inazungusha fomu. Boom likiingia, kila mwanachuo atoe elfu kumi, mizinga itundikwe kwenye mashamba ya kahawa kule Ruanda, wilayani Mbozi, na jina la mchangiaji liandikwe ubavuni mwa mzinga. Msimu ukiisha atapata picha na kichupa cha asali. Kwa vile kwetu ni huko huko Ruanda, wengi wameniuliza watoe au waache.

Tuanze na kitu chenyewe. Ukimpa mtu mbuzi, umempa mbuzi. Ukimpa mzinga, umempa sanduku. Nyuki wa kwetu kwa kawaida hawanunuliwi: mzinga hupakwa nta kidogo ndani, hutundikwa, halafu mtu anasubiri kundi linalotafuta makazi liingie lenyewe. Laweza kuingia wiki ya kwanza, laweza kukawia hadi ukakata tamaa. Na likishaingia, njaa, siafu au fujo wakati wa kurina vinatosha kulihamisha. Nyuki wa Afrika ni wepesi wa kuhama kuliko wenzao wa Ulaya. Mfugaji yeyote atakwambia. Kwa hiyo fomu inayosema "nyuki wako" inaahidi kitu ambacho hata mwenye shamba hana.

Mfano uko Sagalla, karibu na Voi, Kenya, jirani na Hifadhi ya Tsavo Mashariki. Huko mtafiti Lucy King na shirika la Save the Elephants wamewasaidia wakulima kuzungushia mashamba uzio wa mizinga ili kuzuia tembo. Mizinga hutundikwa kwenye nguzo na kuunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Katikati hutundikwa mizinga ya bandia, vipande vya mbao tu. Watu wa mbali wamekuwa wakichangia mizinga hiyo. Utafiti wa miaka tisa uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba misimu ya mazao uzio uliwazuia zaidi ya asilimia 80 ya tembo waliousogelea. Lakini ukame wa 2017 ulipunguza sana mizinga yenye nyuki, pamoja na asali.

Sasa aliyechangia mwaka ule, mzinga wake ukabaki mtupu, je, alitapeliwa? Mimi nasema inategemea aliambiwa nini. Kama aliambiwa anachangia uzio, hela yake imefanya kazi, maana hata ubao wa bandia una nafasi yake pale. Kama aliambiwa ana nyuki wake, mratibu atabanwa siku ya kutuma picha, na kishawishi cha kupiga picha mzinga wa jirani ulionona ni kikubwa mno.

Fomu yetu ina kauli nyingine: "Okoa nyuki." Hii imetoka mbali. Marekani nyuki wa asali waliletwa na walowezi karne ya 17. London nako, ripoti ya bustani ya Kew ya 2020 ilionya kwamba mizinga imezidi na nyuki wa porini wanakosa chakula. Kuongeza mizinga huko ni kuongeza mifugo kwenye malisho yaliyokwisha. Kwetu nyuki wa asali ni wenyeji, hivyo lawama hiyo haituhusu yote. Ila tunao pia nyuki wadogo wasiouma, na wengine wanaoishi mmoja mmoja ardhini, ambao hakuna anayewachangia. Mti ukikatwa wote wanakosa maua, na sanduku lenye jina langu halitoi hata ua moja.

Kuna faida ambayo fomu imeiruka kabisa. Kahawa ya arabika hujichavusha yenyewe, lakini nyuki wakitembelea maua mara nyingi matunda huongezeka. Mkulima wa Mbozi anaweza kufaidika hata asipopata asali. Sharti lake ni dawa: ukipuliza mchana kahawa ikiwa imechanua, unaua nyuki, na jirani akipuliza ni hivyo hivyo. Nani amezungumza na hao majirani? Nani amepima umbali kutoka mizinga hadi njia ya watoto wa shule? Sisi wa ualimu tunafundishwa kuandika lengo la somo kabla ya kuchagua zana. Hapa zana imeshachaguliwa, hadi rangi.

Na kichupa cha asali kinanikera zaidi ya jina. Kila kichupa kinachokuja chuoni kimetoka kwenye mauzo ya mkulima, ambaye ndiye anayeumwa na anayeamka usiku kurina. Tukipewa asali, hatujafadhili, tumenunua kwa bei ya chini na kujiita wafadhili.

Nimewaandikia klabu nikitaka fomu ibadilishwe: mzinga uwe mali ya mkulima na aweze kuuhamisha bila kutuomba ruhusa, asali iwe yake yote, sehemu ya hela inunue bomba la moshi na mavazi ya kurinia, ripoti ya msimu itaje mizinga mingapi ni mitupu. Wakikubali, elfu kumi yangu ipo. Katibu amenijibu kistaarabu kwamba mengine yanazungumzika, ila jina ubavuni ndilo linalovuta watu. Nimemwomba basi waandike la mkulima. Bado wanajadiliana.