Usukani Mgumu Asubuhi ya Baridi



Sisi wa Kasulu na Kibondo tunajua chupa ya mawese inavyokuwa asubuhi ya mwezi wa Julai. Jana mchana yalimiminika vizuri, leo alfajiri yameganda mpaka uisogeze chupa karibu na moto. Kwa hiyo dereva akiwasha gari alfajiri na kukuta usukani mzito, husema mara moja: "Ni baridi hii. Oili imeganda. Likipata moto litalegea." Kisha anaondoka.

Hapo ndipo penye hatari. Oili ya usukani si mawese. Imetengenezwa ipite hata katika nchi kama Kanada, ambako maji ya ziwa huwa magumu mpaka watu wakatembea juu yake. Kwa baridi yetu huwa nzito kidogo tu, tena kwa muda mfupi. Usukani ukiwa mgumu hasa, ugonjwa ulikuwamo tangu jana, na baridi imeuonyesha tu. Na gari hilo hilo ndilo tutakalompakiza mama mwenye uchungu usiku, kumpeleka Hospitali ya Kabanga katika barabara ya vumbi yenye kona na miteremko.

Basi tutafuteje ugonjwa?

Tuanze na tairi, maana huko wengi hawatazami. Upepo ukipoa husinyaa. Kila joto likishuka nyuzi 5 au 6, tairi la gari dogo hupungua karibu pauni 1. Ukijaza upepo mchana gari likiwa limetoka safari, tairi ni la moto na kipimo kinakudanganya. Asubuhi utakuta limepungua pauni kadhaa, na tairi lililolegea hulalia ardhi na kukataa kugeuka. Pima asubuhi kabla ya kuondoka. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa penye fremu ya mlango wa dereva. Wewe unayejua kusoma, isome mwenyewe, usingoje kuambiwa.

Kama tairi ni nzima, fungua boneti utafute kopo la oili ya usukani. Mara nyingi kifuniko chake kina picha ya usukani. Kijiti chake, au ubavu wa kopo, una alama mbili. Moja imeandikwa COLD, maana yake baridi. Nyingine imeandikwa HOT, maana yake moto. Asubuhi soma ile ya COLD. Oili ikiwa chini ya alama, inavuja mahali. Tazama mipira, tazama na chini ya gari. Magari mengi ya Toyota hutumia oili nyekundu yenye herufi ATF, lakini soma kwanza kifuniko cha gari lako. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imechoka, ibadilishwe. Ikiwa na povu, imeingiwa na upepo.

Hapa tuonye kwa nguvu: usitie oili ya breki katika kopo hilo, hata kama dukani hakuna nyingine. Oili ya breki huharibu raba za ndani ya pampu. Utaponya asubuhi moja na kununua pampu mwezi ujao.

Je, gari linalia kama nguruwe unapokata kona? Huo ni mkanda. Zima injini kabisa, kisha ubonyeze mkanda kwa kidole gumba katikati. Ukizama zaidi ya upana wa kidole, umelegea. Ukiwa na nyufa, au unang'aa kama kioo, ubadilishwe. Mkanda uliochakaa huteleza zaidi asubuhi, kwa sababu raba imekuwa ngumu na pampu ina kazi zaidi ya kusukuma oili nzito.

Magari madogo ya siku hizi, kama Toyota IST na Vitz, husaidiwa na mota ya umeme. Ukikosa kopo, usidhani limeibiwa. Kwa gari hilo tazama betri na nyaya zake kwanza. Tazama pia kama taa yenye picha ya usukani inawaka mbele ya dereva.

Sasa tuje kwenye kipimo tunachokipenda kuliko vyote, maana hakina gharama. Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Piga jeki mpaka magurudumu yote mawili ya mbele yawe hewani, uweke na magogo imara chini ya fremu. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Injini ikiwa imezimwa, fungua ufunguo ili usukani usifungwe, kisha uuzungushe taratibu kutoka mwisho hadi mwisho.

Ukizunguka kwa urahisi, viungo ni vizima. Rudi kwenye tairi, oili, mkanda na pampu. Lakini ukiwa mgumu hata magurudumu yakiwa hewani, hapo tatizo liko katika viungo au katika sanduku la usukani. Vumbi letu jekundu huingia penye raba zilizopasuka, likachanganyika na grisi na kuwa kama tope lililokauka. Viungo vyenye chuchu ya grisi vifutwe kwanza, kisha vipigwe grisi mpya mpaka ile chafu itoke. Visivyo na chuchu hubadilishwa. Fundi akitaka kukuuzia sanduku zima la usukani kabla ya kufanya kipimo hiki, mwombe akifanye mbele yako. Sanduku ni ghali, kiungo kimoja ni nafuu.

Kuna hali moja ambayo haina subira. Usukani ukikwama mahali pamoja kisha ukaachia ghafula, au ukikataa kurudi wenyewe baada ya kona, gari lisitoke hapo lilipo, hata kama abiria wameshapanda na nauli imelipwa. Mwiteni fundi alifuate.