Paka anayetema dagaa

Swali: Paka wangu anayelinda mahindi ghalani hapa Kasense ananuka mdomo na anatema dagaa. Jirani anasema nimpake mafuta ya karafuu au nimpe nusu panadol. Ni sawa?

Jibu: Hapana, tafadhali usithubutu. Panadol, hata kipande, inaweza kumuua paka: ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo, damu hushindwa kubeba hewa, ufizi ukageuka kijivu. Mafuta ya karafuu nayo ni sumu kwake, na kitunguu saumu pia. Dawa ya meno ya binadamu iweke mbali, maana paka hajui kusukutua, humeza yote.

Kilicho salama nyumbani ni kitambaa laini kilicholoweshwa maji safi, ukizungushe kidoleni, usugue meno taratibu kila siku. Lakini hiyo ni kinga; mdomo wa paka wako tayari unauma, usiuguse. Mlainishie dagaa wasio na chumvi kwa maji ya moto, wakipoa mpe, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo Sumbawanga mjini.

Akitokwa na udenda na kuwa mkali ghafla, usimshike kabisa: huenda ni kichaa cha mbwa. Toa taarifa kwa ofisa mifugo siku hiyohiyo.