Likizo ya Mwanafunzi Ugenini Nayo ni Masomo

Kijana anapopata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, jamaa zake humwaza akiwa darasani na vitabu vyake mchana na usiku. Ni wachache wanaojiuliza: je, chuo kifungwapo atakwenda wapi? Siku kuu ya wenyeji atakula kwa nani? Walakini mambo hayo ndiyo yanayoamua kama kijana ataijua nchi ile na watu wake, au atarudi akijua tu yaliyoandikwa vitabuni. Yafaa basi habari za likizo zifikiriwe kabla ya safari, kama vile nauli na karo zinavyofikiriwa.

WALIOTANGULIA

Mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege moja kwenda Marekani, kwa mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Ndege nyingine zikafuata mwaka 1960, na miongoni mwa wasafiri wa mwaka huo alikuwamo Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Yeye alisoma katika mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas, akamaliza mwaka 1964, kisha akaendelea na masomo huko Pittsburgh. Alirudi nyumbani mwanzoni mwa mwaka 1966. Maana yake ni kwamba Krismasi sita zilimkuta ugenini. Na hata siku ile Kenya ilipojitawala, tarehe 12 Desemba 1963, yeye alikuwa mbali na shangwe za kwao.

Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006, anaeleza jinsi yeye na wenzake, wakiwa safarini kwa basi kwenda chuoni, walivyokatazwa kuketi ndani ya mkahawa mmoja katika jimbo la Indiana kwa sababu ya rangi yao. Mgeni aliyeyaona hayo tu angeweza kudhani kwamba nchi nzima ina moyo mmoja. Lakini nchi haijulikani kwa mlango mmoja. Anayeingia nyumba nyingi, akala na wenyeji na kusikiliza maneno yao, hujifunza kutenganisha mtu na mtu, na desturi njema na mbaya.

SIKU KUU NA MAANA YAKE

Vyuo vingi vya Marekani hufunguliwa mwezi wa Agosti au Septemba. Likizo fupi ya kwanza iliyo kubwa kwa wenyeji ni Siku ya Shukrani, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Siku hiyo watu husafiri kutoka mbali ili kula pamoja na jamaa zao, na chakula chenyewe ni bata mzinga, viazi, mahindi na pai ya maboga.

Wenyeji hukumbuka karamu ya mavuno ya mwaka 1621 mjini Plymouth, ambapo wahamiaji wa Kiingereza walikula pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa asili wa mahali hapo. Rais Lincoln aliitangaza siku ya shukrani ya taifa mwaka 1863, na sheria ya mwaka 1941 ikaiweka katika Alhamisi ya nne. Lakini tangu mwaka 1970 baadhi ya wenyeji wa asili hukusanyika Plymouth siku iyo hiyo kuomboleza, kwa kuwa kuja kwa wageni kuliwaletea kifo na kupoteza ardhi yao. Mwanafunzi akizielewa pande zote mbili, amepata somo la historia ambalo wasomaji wa Kenya, wanaojua thamani ya ardhi, hawatashindwa kulifahamu.

Baada ya hapo huja mitihani ya Desemba, mara nyingi karibu na Siku ya Jamhuri yetu, kisha likizo ndefu ya Krismasi na baridi kali. Mabweni mengine hufungwa kabisa. Hapa ndipo upweke huwashika wengi. Kijana huona haya kusema kwamba hana pa kwenda, na barua zake nyumbani husema kwamba yote ni mema. Yampasa aseme mapema, tena katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni, maana vyuo vingi huweza kumtafutia mahali pa kulala au jamaa ya kumkaribisha.

ADABU ZA MGENI

Kwetu mgeni husihiwa ale tena na tena. Kule ukikataa mara moja, mwenyeji huamini kwamba umeshiba, na sahani haitarudi. Kwa hiyo mwenye njaa na aseme ndiyo. Kwetu kijana huinamisha macho mbele ya mkubwa kwa heshima; kule huenda akadhaniwa kuwa anaficha jambo. Akialikwa saa kumi na mbili jioni, afike saa hiyo. Aulize kama yafaa alete kitu, na baada ya kula ajitolee kuondoa vyombo, awe mvulana au msichana. Mwislamu asiyekula nguruwe, au mtu yeyote mwenye mwiko, na aseme siku atakapoalikwa, wala asingoje mezani. Hakuna atakayechukizwa.

Tena mgeni asiende mikono mitupu ya maneno. Wenyeji wanapenda kusikia habari za kwao: jinsi ndoa inavyofungwa, chapati zinavyopikwa, na jinsi majirani wanavyochangia safari ya kijana mmoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

KAZI NA FEDHA

Likizo ya kiangazi huchukua miezi kama mitatu, na wengi hutamani kupata fedha. Mwenye viza ya masomo huweza kufanya kazi chuoni, si zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo, na wakati wa likizo saa zaweza kuzidi. Kazi ya nje ya chuo yahitaji ruhusa kwanza. Anayeifanya kwa siri aweza kupoteza haki ya kukaa, na pamoja nayo ng'ombe aliyeuzwa na michango ya kijiji kizima.

Wazazi nao wana sehemu yao. Wakisikia kwamba mtoto wao amekwenda kwa rafiki shambani kwa siku kumi, wasifikiri kwamba anachezea fedha zao. Wamwulize aliona nini, alikula nini, na watu wale walimwambia nini. Akiweza kujibu vema, basi siku kumi hizo hazikupotea.