Waliokufa na Habari za Ukoo

1. Habari zisizoulizwa hupotea

Kila mtoto wa shule anajua jina la baba yake na la mama yake. Wengi wanajua na jina la nkambo. Lakini mwalimu akiuliza: «Baba wa nkambo wako aliitwa nani? Alizaliwa wapi? Amezikwa wapi?» darasa lote linanyamaza.

Majina hayo hayamo katika kitabu cha shule. Yamo katika vichwa vya wazee wachache. Mzee akifa kabla hajaulizwa, majina yanakwenda naye kaburini, wala hakuna padri, mwalimu au sultani awezaye kuyarudisha.

Hasara hiyo si ndogo. Kijana asiyejua ukoo wake aweza kuposa ndugu yake bila kujua. Jamaa wasiojuana hawasaidiani wakati wa ugonjwa na wa msiba. Shamba la jamaa linaleta magombano, kwa sababu hakuna ajuaye nani alilifyeka kwanza. Nayo makaburi yanamezwa na majani.

2. Watu wa zamani walifanyaje?

Watu wa zamani hawakuandika katika karatasi, lakini hawakukubali kusahau. Katika nchi ya Waluba, Katanga, kulikuwa na chama kilichoitwa Mbudye. Watu wake walishika habari za wafalme. Walikuwa na kibao cha mti, kinachoenea mkononi, jina lake lukasa. Juu yake walitia shanga na simbi. Mzee alishika kibao kwa mkono mmoja, akapitisha kidole cha mkono wa pili juu ya shanga. Ushanga mmoja ulimkumbusha mfalme, mwingine mahali, mwingine safari. Hivyo alisimulia habari za Nkongolo, za Mbidi Kiluwe na za Kalala Ilunga. Vibao vingine vimehifadhiwa mpaka leo katika majumba ya makumbusho.

Baadaye walikuja watu wa kuandika. Padri Stefano Kaoze alikuwa Mtabwa. Alipewa upadri mwaka 1917 huko Baudouinville, mji unaoitwa leo Moba. Ndiye Mkongomani wa kwanza aliyepewa upadri katika nyakati hizi. Padri Kaoze hakutosheka na elimu ya vitabu vya Ulaya. Aliandika pia habari za Bena Kilunga, yaani za watu wa nchi yake mwenyewe. Alikufa mwaka 1951, lakini maandiko yake yanasomwa bado.

3. Namna ya kuuliza

Mtoto mwenye adabu hamwendei mzee kama askari anayeuliza mwizi. Kwanza anasalimu. Anachota maji au anapasua kuni. Halafu anakaa chini, anasema: «Nkambo, tafazali, unieleze habari za mama yako.» Anauliza neno moja, anasikiliza. Mzee akinyamaza kwa huzuni, mtoto hamshurutishi. Anarudi siku nyingine.

Inafaa kuanza na walio karibu: wazazi, shangazi, mjomba, baba mkubwa na mama mdogo. Kisha wanafuata walio mbali. Siku hizi jamaa wametawanyika. Mmoja yuko Moba, mwingine Kalemie, mwingine Lubumbashi katika kazi ya shaba. Barua na simu zinawafikia wote.

Tena lazima kujua desturi ya kabila. Kwa Watabwa na kwa Wabemba, mtoto anahesabiwa katika ukoo wa mama. Kwa Waluba wengi anahesabiwa katika ukoo wa baba. Lakini mwenye akili anaandika pande zote mbili, maana damu yake imetoka pande zote mbili.

4. Namna ya kupata miaka

Wazee wengi hawajui mwaka wa kuzaliwa kwao. Lakini wanakumbuka mambo makubwa yaliyotokea. Mambo hayo ni kama vijiti vilivyopandwa njiani:

– mwaka 1910, treni ilifika Lubumbashi, mji ulioitwa wakati ule Elisabethville;
– miaka 1914 mpaka 1918, vita; Wakongomani wengi walichukua mizigo ya askari, na mwaka 1916 askari wa Kongo waliingia Tabora;
– miaka 1918 na 1919, ugonjwa wa mafua uliua watu wengi sana duniani;
– tarehe 30 Juni 1960, uhuru wa Kongo;
– mwaka 1966, Elisabethville iliitwa Lubumbashi, na Albertville iliitwa Kalemie.

Mfano: nkambo mmoja anasema, «Kaka yangu mkubwa alizaliwa wakati baba alipokwenda kuchukua mizigo ya vita ya Tabora.» Basi mtoto anajua kwamba kaka huyo alizaliwa karibu na mwaka 1916. Anaandika: «karibu 1916». Haandiki 1916 peke yake, kwa sababu hana hakika.

5. Mtu mmoja, majina mawili

Parokia zinatunza vitabu vya ubatizo. Humo mna jina la aliyebatizwa, siku ya ubatizo, majina ya wazazi na ya wasimamizi. Ni msaada mkubwa. Lakini mtafutaji aangalie vizuri. Mwaka 1972 serikali ya Zaire (ndilo jina la Kongo kutoka 1971 mpaka 1997) ilikataza majina ya kikristu, na watu wakachukua majina ya wakubwa wao. Kwa hiyo mtu mmoja aweza kuwa na jina moja katika kitabu cha parokia, na jina lingine katika karatasi za serikali. Asiyejua hivyo atafikiri ni watu wawili.

6. Wazee wawili wakipingana

Shangazi anasema: «Jamaa yetu ilitoka ng'ambo ya ziwa.» Mjomba anasema: «Hapana, ilitoka upande wa Lualaba.» Mtoto afanye nini? Asimcheke mmoja, wala asifute neno la mwingine. Aandike maneno yote mawili, na jina la aliyeyasema. Kisha aulize mzee wa tatu. Pengine mmoja alisema habari za upande wa mama, na mwingine za upande wa baba. Basi wote wawili walisema kweli.

Mtaalamu Jan Vansina, Mbelgiji aliyekaa kwa Wakuba katika Kasai, alifundisha vivyo hivyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1961 alionyesha kwamba masimulizi ya wazee ni historia ya kweli, lakini sharti yapimwe na kulinganishwa.

7. Siku ya kuwakumbuka

Tarehe 2 Novemba Kanisa linawaombea marefu wote. Desturi ya kushika siku hiyo ilienea kutoka monasteri ya Cluny, Ufaransa, iliyoongozwa na Abate Odilo, karibu mwaka 1000. Siku hiyo jamaa wanakwenda makaburini. Wanalima majani, wanasimamisha msalaba ulioanguka, wanasali. Wakubwa wako pale pamoja. Basi ni siku njema ya kuuliza: «Na huyu, alikuwa nani?» Mtoto anayejua jina la marehemu aweza kumwombea kwa jina lake. Na mwaka ujao, mzee yule akiwa hayupo tena, mtoto ndiye atakayewaonyesha wadogo zake kaburi.

Wahenga walisema: Penye wazee haliharibiki neno. Lakini wazee hawakai siku zote.

Maulizo

1. Lukasa ni kitu gani? Ilitumiwaje?
2. Kwa nini mtu mmoja aweza kuonekana na majina mawili?
3. Mzee alizaliwa «miaka miwili kabla ya uhuru». Ni karibu na mwaka gani?
4. Wazee wawili wakipingana, mtoto afanye nini?

Kazi ya nyumbani: Andika majina ya wazazi wako, ya wazazi wao, na ya wazazi wa wazazi hao. Penye jina usilolijua, acha nafasi. Leo jioni nenda ukaulize.