Beatrix Potter na Sungura Wake



Mwaka jana wakati wa likizo mdogo wangu, ambaye yuko darasa la pili, alinijia na daftari lake akaniomba nimchoree sungura. Alikuwa amesikia kwa nyanya yetu hadithi nyingi za Wakayima, yaani Sungura mwenyewe, akataka sasa amwone kwa macho. Basi nikakaa nikachora. Mtoto akaitazama picha ile kwa makini, kisha akaniuliza kwa heshima zote, "Kaka, huyu punda anakwenda wapi?"

Nilicheka, lakini moyoni niliumia, kwa maana mimi hujihesabu miongoni mwa wachoraji wa shule hii. Tena nilikuwa nimekwisha kuambiwa na mtu mzima mmoja ninayemheshimu kwamba kuchora ni mchezo wa watoto, na kijana wa kidato cha tano aliyechagua masomo ya sayansi hana ruhusa ya kuharibu karatasi. Maneno hayo yalinikaa. Tuliporudi shule nilikwenda maktaba kutafuta picha ya sungura nipate kuiiga, nikakuta kitabu kidogo sana, kinatosha kiganjani, nacho ni Hadithi ya Sungura Peter, iliyotungwa na kuchorwa na Beatrix Potter wa Uingereza. Karibu nacho palikuwa na kitabu kinene cha maisha yake. Niliazima vyote viwili. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyasema mbele ya chama chetu cha Kiswahili muhula uliopita, tulipokuwa watu tisa tu, maana hapa Uganda wako bado wanaosema ati Kiswahili ni lugha ya askari.

Beatrix Potter alizaliwa London tarehe 28 Julai, 1866. Wazazi wake walikuwa matajiri, na kama ilivyokuwa desturi ya matajiri wa siku zile, binti yao hakupelekwa shule. Alifundishwa nyumbani na walimu wa kike, akiishi orofa ya juu pamoja na ndugu yake Bertram, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka sita. Rafiki zao walikuwa wanyama. Walifuga sungura, panya, vyura, mijusi, popo na kalunguyeye. Mnyama akiwa hai walimchora. Akifa, nyakati nyingine walimchemsha mpaka nyama itoke, wakaipanga mifupa yake na kuichora pia. Jambo hili huenda likamchukiza msomaji, lakini nadhani hapo ndipo ilipo siri yake yote. Mchoraji ajuaye mfupa wa paja la sungura umekaa namna gani ndani ya ngozi hawezi kumfanya punda.

Kijana huyu alikuwa pia na maandishi ya siri aliyoyabuni mwenyewe. Tangu alipokuwa na miaka kama 15 mpaka alipofika 30 aliandika habari za maisha yake kwa herufi zisizosomeka na mtu mwingine. Ilipita miaka mingi baada ya kufa kwake ndipo mtu mmoja, Leslie Linder, alipofaulu kuzifumbua, mwaka 1958.

Sasa nitaje habari ya uyoga, kwa sababu wenzangu wa sayansi walisinzia mpaka nilipofika hapa. Katika miaka ya 1890 Beatrix alichora mamia ya picha za uyoga kwa rangi za maji, kisha akaanza kuuchunguza kwa hadubini, akalipanda lile vumbi jembamba ambalo ndilo mbegu ya uyoga ili aone linavyochipuka. Aliandika makala ya kitaalamu, na tarehe 1 Aprili, 1897 ikapelekwa mbele ya Linnean Society, chama kikubwa cha wataalamu wa mimea na wanyama huko London. Yeye mwenyewe hakuwapo, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria. Mwanamume mmoja aliipeleka kwa niaba yake. Haikupigwa chapa. Miaka 100 baadaye, mwaka 1997, chama kile kilikiri kwamba hakikumtendea haki. Picha zake za uyoga zilitumika katika kitabu cha elimu ya uyoga kilichotoka mwaka 1967, naye amekwisha kufa miaka 24. Basi yule anayesema kwamba kuchora na sayansi havipatani, mimi humwonyesha ukurasa huu.

Hata hivyo si uyoga uliompa jina. Mmoja wa walimu wake wa zamani aliolewa, akapata watoto, na mtoto wake wa kwanza, Noel, alikuwa akiugua mara kwa mara. Tarehe 4 Septemba, 1893 Beatrix alikaa kumwandikia barua ya kumpumbaza kitandani. Kwa kuwa hakuwa na habari za kumpa, alimtungia hadithi ya sungura wanne, akachora picha katikati ya maneno. Jina la Peter lilikuwa la sungura wake mwenyewe, aliyemnunua London kwa shilingi 4 na peni 6, bei aliyoiona kuwa ghali mno. Ilipopita miaka kama saba, Beatrix akiwa amekwisha pita 30, alifikiri barua ile ingefaa kuwa kitabu. Akamwuliza kijana kama bado anayo. Noel alikuwa ameitunza. Akaiazima, akainakili, akaiongeza.

Akaipeleka kwa wachapaji sita au zaidi, na wote wakaikataa. Wengine walitaka kitabu kikubwa ili kiuzwe kwa bei kubwa, naye hakukubali. Alisema kitabu cha mtoto kiwe kidogo kama mikono ya mtoto, na bei yake iwe ndogo pia. Mwisho akatoa fedha zake mwenyewe, akapiga chapa nakala 250 mwezi Desemba, 1901. Zikaisha upesi, akaongeza 200. Rafiki yake mmoja, kasisi, aliigeuza hadithi nzima kuwa mashairi ili ipendeze zaidi, lakini kampuni ya Frederick Warne, moja ya zile zilizokataa mwanzoni, ilipokubali kuichapa ilitaka maneno yake yale ya kawaida, na picha zote zitiwe rangi. Naungama kwamba hapo nilisita, maana sisi tunaopenda Kiswahili hudhani kila jambo litakuwa zuri zaidi likitiwa vina. Kitabu kilitoka Oktoba, 1902, nakala 8,000, na kabla ya mwaka kwisha nakala zilikuwa zimepita 20,000.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mama Sungura anawakataza watoto wake wasiingie katika shamba la Bwana McGregor, kwa kuwa baba yao aliingia humo akapikwa. Dada watatu wanatii. Peter anaingia, anakula saladi, maharagwe na figili, anafukuzwa, anapoteza viatu na koti lake la buluu, anaponea chupuchupu, anarudi nyumbani mgonjwa na kunyweshwa dawa ya majani. Nilipomsomea mdogo wangu kwa Kiswahili, nilitaka kuruka habari ya baba kupikwa. Kumbe ndiyo aliyoipenda. Akasema, "Ndiyo maana mama anaogopa," akaniambia niendelee.

Tazameni sasa kazi ya picha, maana hapa ndipo penye somo. Mama anapotoa onyo, maneno hayasemi kwamba Peter hasikilizi. Lakini katika picha dada zake wamekaa karibu na mama, naye Peter amewapa mgongo. Mtoto asiyejua kusoma amekwisha kujua yatakayotokea kabla mkubwa hajafungua ukurasa. Tena angalieni lile koti. Akiwa amelivaa, Peter husimama kwa miguu miwili kama mtoto wa mtu. Viatu vilipomtoka alikimbia kwa miguu minne, akaenda mbio zaidi. Na koti lilipokwisha kumponyoka akawa mnyama mtupu, mwenye mgongo wa sungura na masikio ya sungura. Mdogo wangu aliniuliza, "Mbona sungura avaa koti?" Nilimjibu kwamba bado sijui, ila nimeona linapovuliwa hofu yetu huzidi.

Na Sungura wetu je? Huyo hakosi kumshinda Fisi au Simba, ambapo Peter hamshindi mtu, hukimbia tu. Lakini hawako mbali kama wanavyodhaniwa. Watu weusi waliopelekwa utumwani Marekani walichukua hadithi zao za sungura mjanja, na katika miaka ya 1880 Mzungu mmoja wa Georgia, Joel Chandler Harris, alizitoa katika vitabu vya Uncle Remus. Beatrix alivisoma, na katika miaka ya 1890 alichora picha kadhaa za hadithi hizo kwa kujifunza, kabla ya kumtoa Peter. Kwa hiyo Mwafrika ana sehemu yake katika shamba lile la McGregor, ingawa hakutajwa mlangoni.

Vitabu vilifuatana, jumla yake 23 vile vidogo. Sitavieleza vyote. Nitataja kimoja tu, cha Fundi Cherehani wa Gloucester, cha mwaka 1903. Ili apate kuona fundi akaavyo kazini, alikwenda kwenye duka la fundi mmoja London, akakikata kifungo cha koti lake mwenyewe apate kisingizio cha kuketi pale likishonwa. Na kizibao chenye darizi alikichora kutoka nguo za kale za makumbusho.

Mwaka 1905 Norman Warne, mmoja wa ndugu wenye kampuni, alimposa. Wazazi wa Beatrix hawakupenda, kwa kuwa Norman alikuwa mtu wa biashara. (Mali yao wenyewe ilitoka katika biashara ya nguo za pamba!) Beatrix alikubali posa, akiwa karibu na miaka 39. Haukupita hata mwezi na nusu, Norman akafa kwa saratani ya damu, tarehe 25 Agosti. Mwaka ule ule Beatrix akanunua kwa fedha za vitabu shamba la Hill Top, katika nchi ya maziwa na milima kaskazini mwa Uingereza. Bata, paka, na hata vitasa vya milango ya nyumba ile vikaingia vitabuni.

Aliolewa mwaka 1913 na wakili wa huko, William Heelis, naye ana miaka 47. Tangu hapo vitabu vikapungua. Macho yalikuwa yakichoka, na moyo wake ulikuwa kwa kondoo wa Herdwick, kondoo wagumu wa mlimani, ambao alishinda nao tuzo katika maonyesho. Nimeona picha yake ya uzeeni: kofia imekaa upande, viatu vya mbao, nguo nzito. Alipofariki tarehe 22 Desemba, 1943, aliachia National Trust, chama kinachotunza ardhi kwa ajili ya watu wote, zaidi ya eka 4,000 na mashamba yapatayo 15. Majivu yake yalitawanywa na mchungaji wake katika mlima, mahali pasipotangazwa.

Jirani yetu hufuga sungura sita nyuma ya jiko. Likizo iliyopita nilimwomba ruhusa nikakaa mbele ya kibanda asubuhi nne, na kalamu ya risasi. Siku mbili za kwanza sikuchora kitu, nilitazama jinsi miguu ya nyuma inavyokunjwa na jinsi pua isivyotulia. Kisha nikakunja karatasi 8 katikati, zikawa kurasa 32, nikazishona kwa uzi wa mama. Nimefika ukurasa wa 11, Wakayima anapomwuliza Fisi njia. Mdogo wangu amekwisha kukagua. Anasema huyu sasa ni sungura, ila Fisi ninayemchora anafanana na mbwa wa mwalimu.